Bei moja nchi nzima: nauli ya mahindi alilipa nani?

Haya wadau, mitihani inakaribia na mimi nimezama kwenye mahindi yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Acha niwahadithie.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. NMC, lile shirika la usagishaji ambalo wazee wanalitaja mpaka leo, ilinunua kilo ya mkulima wa Mbozi kwa bei ileile ya mkulima wa jirani na Dar. Kumbukeni Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800! Lami ilikuwa imefika, na TAZARA ikakabidhiwa 1976. Kwa mkulima wa huku umbali ukawa kama haupo. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikalima kwelikweli, mpaka zikajulikana kama mikoa minne mikubwa ya mahindi.

Nauli sasa? Aliilipa NMC, kwa mikopo ya benki, na madeni yakapanda. Huku nyuma mahindi ya waliokaa karibu na miji yakapita njia za panya kwa walanguzi, maana wao walilipa zaidi. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikafutwa, wafanyabiashara binafsi wakaanza kulegezewa kamba, na umbali ukarudi palepale ulipokuwa.

Umbali huo unapimwaje? Hapa ndipo ile ekonometria ya kimuundo tunayoikimbia inaponinogea. Obie Porteous, mwalimu wa uchumi Chuo cha Middlebury kule Marekani, alichapisha 2019 utafiti wa masoko 230 ya nafaka katika nchi 42 za Afrika. Yeye anaanza na akili ya mfanyabiashara: nunua Mbeya ukauze Dar kama tofauti ya bei inazidi gharama, au weka ghalani usubiri Februari. Ukishaiandika akili hiyo kwa hesabu, bei za kila mwezi zenyewe zinakutajia gharama isiyoonekana: dizeli, vizuizi, kitu kidogo, kila kitu. Alikuta ni zaidi ya mara 5 ya zile za kwingineko duniani.

Halafu akaiuliza modeli: gharama zikishuka zilingane na za wenzetu, inakuwaje? Bei za chakula zinashuka asilimia 46. Safi kwa mama lishe wa Mwanjelwa. Lakini mapato halisi ya wakulima nayo yanashuka, asilimia 42!

Jamani, mimi ni mtoto wa mkulima. Ni wastani wa Afrika, sawa, na mwenye ziada ya kuuza mbali anaweza kupata unafuu wa nauli. Ila gharama hizohizo zinazomkaba mtu wa Ismani ndizo zinazomkinga na nafaka ya bei chee inayoshushwa melini bandarini. NMC ilimpa barabara ya bure bila kuileta hiyo meli mlangoni kwake.

Nyie wa Rukwa na Ruvuma, wazee wenu wanasemaje kuhusu miaka ile?