Maharage ya Jioni

Wanangu walipokuwa wadogo, mara nyingi walilala kabla maharage hayajaiva. Mama yao alikuwa mwalimu kama mimi. Alirudi jioni na madaftari ya kusahihisha, ndipo awashe jiko la mkaa. Pale Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka yakifika nyuzi 94 tu badala ya 100, hivyo maharage hukawia zaidi.

Dawa ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London chungu cha chuma chenye mfuniko uliokazwa. Mvuke ukizuiliwa, maji hupata joto kupita kiasi cha kawaida, hata mifupa hulainika. Baadaye alikiwekea vali ya kutolea mvuke, kisipasuke. Mwaka 1682 wanasayansi hao walikula chakula cha usiku kilichopikwa humo.

Habari za mvuke nilizifundisha darasani miaka mingi. Nyumbani sikununua sufuria ya presha, wala sikuloweka maharage asubuhi, kazi ya dakika moja. Nilidhani jikoni si mahali pangu. Elimu niliyowapa wanafunzi, mke wangu nilimnyima.