Hati za Ukandarasi Mdogo Afrika Mashariki: Kutoka Misafara ya Wapagazi hadi Violezo vya Mtandaoni

Ukandarasi mdogo, yaani utaratibu ambao mtu aliyepokea kazi kwa mkataba humkabidhi mwingine sehemu ya kazi hiyo kwa mkataba wa pili, ulikuwa umekwisha kukomaa katika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya utawala wa kikoloni, na shughuli iliyoukuza zaidi ilikuwa misafara ya bara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kiongozi wa msafara hakulazimika kuwatafuta wapagazi mmoja mmoja, kwa kuwa Unguja na Bagamoyo kulikuwa na matajiri, akiwamo Sewa Haji Paroo, waliojifunga kuwakusanya wapagazi hao na kuwakabidhi kwa bei iliyokubaliwa, huku usimamizi wa njiani ukiachwa mikononi mwa wanyapara.

Mfano unaofunza zaidi ni makubaliano yaliyofungwa Unguja mnamo Februari 1887 kati ya Henry Morton Stanley, aliyetumwa na kamati ya London kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Tippu Tip alikubali kutoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo kutoka Stanley Falls, nchini Kongo, hadi Ziwa Albert na kurudi, kwa pauni 6 kwa kila mpagazi mwenye mzigo. Wapagazi hawakufika kwa wakati, na Tippu Tip kwa upande wake alishikilia kwamba baruti aliyoahidiwa haikutolewa. Kikosi cha nyuma cha msafara wa Stanley, kilichoachwa Yambuya chini ya Meja Edmund Barttelot, kilikaa karibu mwaka mzima kikiteketea kwa njaa na maradhi. Ilipofika Juni 1888 walipatikana watu takriban 400 kutoka Manyema, lakini ubishi mpya ukazuka juu ya uzito wa mizigo, ambayo ilibidi ipunguzwe kutoka ratli 60 hadi ratli 40, na mkataba mwingine, wa pauni 1,000, ukafungwa na Muni Somai ili awe mnyapara wao. Hivyo watu wale wale walikuwa wametolewa na Tippu Tip, wakasimamiwa na Muni Somai na kuamrishwa na Barttelot, ambaye mwezi uliofuata aliuawa kwa risasi na mmoja wao huko Banalya. Stanley aliporejea pwani alifungua madai Unguja dhidi ya Tippu Tip, madai ambayo hatimaye yaliachwa.

Mzozo huo ulihusu mambo ambayo hati yoyote ya ukandarasi mdogo lazima iyapambanue: nani hutoa vifaa, kazi hupimwaje, muda wake ni upi, na nani ana mamlaka juu ya watendaji. Sheria iliyotumika baadaye iliyapa mambo hayo msingi, kwani Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumiwa na Waingereza katika maeneo yao ya Afrika Mashariki, na sheria ya mikataba ya Tanganyika ya 1961 ilifuata muundo wake, ikieleza kwamba makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kanuni nyingine, inayosema kwamba mkataba huwafunga walioufunga tu, ina maana kubwa kwa mkandarasi mdogo, kwa sababu kwa kawaida humdai mkandarasi mkuu aliyempa kazi, wala si mwenye mradi.

Vyombo vya kuandikia navyo vilibadilika. Mashine ya kupiga chapa na karatasi ya kaboni viliwezesha kila upande kubaki na nakala, ingawa rekebisho lililoandikwa kwa kalamu katika nakala moja halikuonekana katika nyingine. Programu za kuhariri nyaraka mtandaoni, zilizoenea baada ya Google kuinunua Writely mwaka 2006, zimeondoa kasoro hiyo, kwani pande zote huweza kufungua hati ile ile, na mabadiliko hutunzwa pamoja na jina la aliyeyafanya na wakati alioyafanya. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imezitambua pia saini za kielektroniki.

Hata hivyo, kiolezo cha mtandaoni, yaani hati iliyokwisha kuandaliwa ikiwa na nafasi za kujaza, hakijui baruti ya nani wala mzigo wa ratli ngapi, na mara nyingi hutaja sheria za nchi kilikotungwa. Kwa hiyo mkandarasi wa leo anapaswa kwanza kuihakiki sheria inayotajwa, kisha kuandika kwa ukamilifu kazi, kipimo, vifaa, muda, malipo na mamlaka kabla ya kutia saini, kwa sababu wepesi wa kuandaa hati haujapunguza hata kidogo wajibu wa kupatana.