Kisanduku Kilichokataliwa

Vijana huniuliza: "Mzee, ninunue programu gani ya kutengenezea muziki?" Nami huwapeleka Chicago. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetoa kisanduku, TB-303, kishike nafasi ya mpiga gitaa la besi. Mlio wake haukufanana na besi hata chembe. Mimi ningekitupa! Mwaka 1984 wakaacha kukiunda. Vijana wa kundi la Phuture wakapata cha mtumba, wakachezea vidude vya kuzungusha sauti huku kikilia. Mwaka 1987 ikatoka "Acid Tracks", zaidi ya dakika 11 za mlio ule ule. Mwaka 1997 kampuni ya Uswidi ikauigiza ndani ya kompyuta, kwa programu ya ReBirth.

Kisha humuuliza kijana: hiyo uliyo nayo, umekwisha kuichezea yote?