Sanduku la Kaka na Filamu Zisizoshikika

Chini ya kitanda cha kaka yangu kuna sanduku la bati, lile la bweni, la kuwekea madaftari na shuka. Siku hizi halina daftari hata moja. Limejaa CD na DVD za filamu: za ngumi za Kichina, za Kihindi, za Kibongo, na za Kimarekani zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Nyingine zimekwaruzika mpaka zinagoma katikati, pale pale steringi anapokaribia kulipiza kisasi.

Mwezi uliopita shemeji alitaka kulitupa. "Baba Asha, si mambo haya yote yapo kwenye simu?" Kaka akajibu neno moja tu: "Hayapo."

Mimi nilicheka. Lakini usiku ule nilikaa na simu yangu nikaitafuta filamu moja ya mle sandukuni, ya ngumi, iliyotafsiriwa na Lufufu. Filamu yenyewe niliiona, ikiwa na lugha yake ya asili na maandishi ya Kiingereza kwa chini. Ile sauti ya Lufufu, iliyotufanya tucheke mahali ambapo hata mtunzi hakukusudia, sikuipata. Bando likaisha, nikabaki na swali: tangu lini mtu akanunua kitu, na bado kisiwe chake?

Swali hili halikuanza na filamu. Lilianza na kitabu. Mwaka 1904 kampuni ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilichapa riwaya iitwayo The Castaway, na ndani yake ikaonya kwamba atakayeiuza chini ya dola moja atahesabiwa amevunja haki ya mchapishaji. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi ile. Mwaka 1908 uamuzi ukatoka: mwenye kazi anaweza kuwazuia watu wasiinakili, lakini nakala moja ikishauzwa, hana tena amri juu ya bei ya nakala ile. Kutokana na kanuni hiyo, aliyenunua anaweza kuuza, kuazimisha, kugawa, hata kuwarithisha wanawe.

Sinema iliikwepa kanuni hii kwa miaka mingi kwa sababu moja rahisi: haikuuzwa. Studio zilikodisha mikanda kwa majumba ya sinema, nayo ikishaonyeshwa ilitakiwa irudi. Mtazamaji alinunua tiketi ya kuingia, basi. Sasa tazama matokeo ya kitu kukaa mikononi mwa mtu mmoja. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox liliwaka moto huko Little Ferry, New Jersey, na filamu nyingi za kimya zikateketea pamoja nalo. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu karibu filamu ndefu 11,000 za kimya zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Katika kila 100, ni 14 tu zilizobaki nzima katika umbo lake la kwanza.

Na baadhi ya zilizopona zilipona vipi? Kwa kutorudishwa! Mwaka 1978, katika mji mdogo wa Dawson City huko Kanada, wajenzi waliokuwa wakichimba walifukua mikanda zaidi ya 500 iliyokuwa imefukiwa ndani ya bwawa kuukuu la kuogelea. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia, na wenye filamu hawakuona faida ya kulipa gharama za kuzirudisha. Uzembe wa kijijini ukaokoa kile ambacho ghala la mjini lilishindwa kukitunza.

Halafu ikaja video. Sony walitoa mashine ya Betamax mwaka 1975, na JVC wakafuata na VHS mwaka 1976. Mwaka huo huo wa 1976 kampuni za Universal na Disney ziliwashitaki Sony, zikidai kwamba mashine ya kurekodi nyumbani ni kifaa cha wizi. Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4: mtu anayerekodi kipindi cha televisheni nyumbani kwake ili akitazame baadaye hana kosa. Kura moja tu, ndugu yangu, na mambo yangekuwa mengine. Cha kuchekesha ni kwamba studio zile zilizolia kuwa video itaziua zikaja kuvuna fedha nyingi kwa kuuza kanda hizo hizo.

Huku kwetu video ilitutangulia hata televisheni. Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hadi 1994. Aliyekuwa na deki alikuwa mtu mkubwa mtaani. Ndipo vikazaliwa vibanda vya video, kuta za mabati, mabenchi ya mbao, jasho na kelele. Na ndani ya vibanda akazaliwa msanii ambaye Hollywood haikumwazia: mtafsiri. Lufufu, ambaye jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala, alisimulia filamu kwa Kiswahili, akawapa wahusika majina ya kwetu, akatia methali na vijembe, kisha sauti yake ikaingizwa kwenye kanda na baadaye kwenye diski zilizouzwa mitaani. Kenya yupo DJ Afro, aliyejulikana kwa kazi ya aina hiyo hiyo.

Diski ndiyo iliyowafikisha mbali. VCD ilianza mwaka 1993, na kwa kuwa moja ilibeba dakika 74 hivi, filamu ndefu ilikatwa vipande viwili, ndiyo maana mpaka leo watu wa rika la kaka wanauliza, "Unayo CD ya pili?" DVD ikatoka Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997. Hata hiyo ilikuja na kufuli. Wakubwa waliigawa dunia mafungu: sisi wa Afrika Mashariki tukawekwa fungu la 5 pamoja na India na Urusi, Afrika Kusini ikawekwa fungu la 2 pamoja na Ulaya Magharibi. Diski ya fungu moja ilipaswa kugoma kwenye deki ya fungu jingine. Sisi tukanunua deki zinazokubali kila kitu, maisha yakaendelea.

Sasa njoo kwenye kampuni ya Netflix, maana historia yake inaeleza yote. Ilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 1998 ikaanza kuwatumia Wamarekani DVD kwa posta. Haikuhitaji kupiga magoti kwa studio: iliweza kununua diski dukani kama mtu yeyote na kuiazimisha, kwa nguvu ya kanuni ile ya kitabu cha senti 89. Mwaka 2007 ikaanza kuonyesha filamu kwa intaneti. Hapo kanuni ikakatika. Hakuna tena nakala iliyouzwa. Kuna ruhusa tu, na ruhusa ina tarehe ya mwisho. Bahasha ya mwisho ya diski ilitumwa tarehe 29 Septemba 2023.

Basi mtazamaji amegeuka mpangaji. Na mpangaji, hata akilipa kodi bila kuchelewa, hana la kusema siku mwenye nyumba akiamua kubomoa. Disney walionyesha filamu ya Crater kwa intaneti kuanzia 12 Mei 2023. Kabla ya miezi miwili kwisha wakaiondoa, na ilibidi kusubiri hadi Septemba ndipo ikauzwa, nayo kwa intaneti tu. Mwaka 2022 watu wa Ujerumani na Austria walioamini kwamba wamenunua filamu za StudioCanal katika duka la PlayStation waliarifiwa kwamba kuanzia 31 Agosti hawatazipata tena. Jimbo la California likatunga sheria, ikaanza kazi Januari 2025: muuzaji wa vitu vya namna hii asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Angalau uongo umepewa jina lake.

Lakini nisiwe wakili wa sanduku peke yake. Diski nazo hufa. Mwaka 2025 kampuni ya Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zimeharibika zenyewe ndani ya makasha yake. Zile za kuchoma kwa kompyuta, kama nyingi za kaka, hufa mapema zaidi. Tena tuseme ukweli: nyingi za kaka ni za wizi. Tanzania ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, lakini mtaani nani aliiuliza? Waigizaji wetu waliona kazi zao zikirudufiwa usiku na kuuzwa asubuhi, wao wakitembea kwa miguu. Siwezi kuwaita walinzi wa urithi watu waliowanyima wenzao chakula.

Hata hivyo, historia inanionyesha jambo moja. Filamu huishi kwa kuwa na nakala nyingi kwa watu wengi, si kwa kuwa na mlinzi mmoja tajiri. Sauti ya Lufufu haiwezi kupewa leseni huko ng'ambo, kwa sababu kwa macho ya wenye filamu haikupaswa kuwepo kabisa. Ikipotea hapa, hakuna Dawson City ya kuifukua.

Juzi nilimwazima kaka sanduku lake. Katika diski 20 za kwanza nilizozijaribu, 7 zimegoma. Zilizobaki nimeanza kuzihamisha moja moja kwenye kompyuta ya rafiki, na majina nayaandika kwenye daftari. Shemeji ananicheka. Wewe msomaji, kabla hujatupa la kwenu, hebu lifungue kwanza.