Nuru Isiyoonekana na Vyombo vya Kuitafuta

Wasomaji wetu wameuona upinde wa mvua, nao wajua ya kuwa upande mmoja ni mwekundu na upande wa pili ni wa zambarau. Watu wengi walidhani kwamba hapo ndipo nuru ikomapo. Katika mwaka 1800 William Herschel, mtazama nyota wa Uingereza, aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto kupita mwisho wa nyekundu, mahali palipo giza machoni. Zebaki ikapanda! Bali kupita mwisho wa zambarau hakuona joto lo lote.

Mwaka uliofuata, huko Jena katika Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter, mwana wa mchungaji aliyekuwa amefundishwa kazi ya kuchanganya dawa, hakuridhika. Alifikiri ya kuwa penye ncha moja hapakosi ya pili. Lakini atumie chombo gani? Akachagua chumvi ya fedha, kwa kuwa Scheele wa Sweden alikuwa amekwisha kuonyesha ya kwamba hugeuka nyeusi upesi zaidi katika zambarau kuliko katika nyekundu. Akaipaka karatasini, akaitandika chini ya rangi zile. Nayo ikaanza kuwa nyeusi ng'ambo ya zambarau, pasipoonekana kitu. Hatumlaumu Herschel. Kipimajoto chake kilijua joto tu, na miali ile nguvu yake ni ya kugeuza vitu, kama tuonavyo kanga iliyosahauliwa juani ikipauka.

Baadaye sana Victor Schumann, mtengeneza mashine wa Leipzig, alitaka kwenda mbali zaidi, penye miali hafifu mno. Akagundua ya kuwa vyombo vyake vyenyewe vilikuwa wezi. Kioo kiliimeza miali, hewa iliimeza, hata ile gundi ishikayo chumvi ya fedha juu ya vioo vya picha iliimeza kabla haijaifikia chumvi. Basi akatumia jiwe la floriti mahali pa kioo, akatoa hewa chomboni, akajitengenezea vioo vya picha visivyo na gundi ila kidogo sana. Vilikuwa vya kutunzwa kama yai, maana mguso mdogo tu uliacha alama. Lakini kwa hivyo, katika miaka ya 1890, alipiga picha ya miali ambayo hakuna mtu aliyeipata kabla yake. Na mwaka 1906 Theodore Lyman wa Marekani, akiifuata njia hiyohiyo, aliipata miali ya haidrojeni ambayo mpaka leo huitwa kwa jina lake.