Unafsi na Uhusianifu: Mfano wa Hospitali ya Mathari

Tofauti baina ya unafsi na uhusianifu hupuuzwa mara nyingi, na hata wasomi huyatumia maneno hayo mawili kana kwamba maana yake ni moja. Bonde la Mathare mjini Nairobi latosha kuwa mfano. Kwa aliye kwenye Barabara ya Juja, bonde hilo liko kaskazini. Kwa aliye kwenye Barabara ya Thika, liko kusini. Kauli hizo hazipingani, kwani kila moja hutegemea mahali pa mtazamaji, wala si hisia zake. Yeyote asimamapo hapo ataona vivyo hivyo. Huo ndio uhusianifu. Unafsi ni hukumu itegemeayo mapenzi, hofu au chuki ya mwenye kuhukumu. Wahenga walisema: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Karibu na bonde hilo ipo hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyopewa jina la Mathari mwaka 1924. Tangu 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni. Aliwahesabu Waafrika waliolazwa humo, akailinganisha idadi yao na jumla ya watu, akaona kwamba wazimu ulikuwa haba kwao kuliko kwa Wazungu. Hesabu hiyo ilikuwa na ukweli wa kiuhusianifu: ilipima waliofikishwa hospitalini. Haikuwapima waliotunzwa na jamaa zao, wala waliopelekwa kwa waganga. Lau mpaka huo ungezingatiwa, hesabu isingekuwa na kosa.

Kosa lilizuka mpaka uliposahauliwa. Katika makala ya 1951, Carothers alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Hapo Mzungu alifanywa kipimo, na kipimo hicho kikaitwa maumbile. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, na madai ya ardhi na uhuru yakafunikwa na habari za nafsi zilizovurugika. Mwaka huohuo maelfu ya watu walikamatwa Nairobi na kutiwa kizuizini.

Frantz Fanon, naye daktari wa akili, aliyapinga mafundisho hayo katika kitabu chake cha 1961.

Wako wasemao kwamba kisa kama hiki chathibitisha kuwa elimu yote ni maoni tu. Sivyo. Kama yote yangekuwa maoni, Carothers asingeweza kukosolewa. Angejibu kwamba hayo ni yake. Amekosolewa kwa sababu kipimo chake chaweza kutajwa, na hesabu yake yaweza kurudiwa na mwingine. Uhusianifu humtaja mpimaji na mahali aliposimama. Unafsi humficha ndani ya kipimo.