Madabodi Haijafa Bado: Historia Fupi ya Kompyuta Zetu za Mezani

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Leo naweka programu kando tuongee juu ya vyuma vyenyewe, maana kila nikishuka Kitengela wikendi nakutana na sentensi ile ile: "Fundi amesema madabodi imekufa." Ukifika Kajiado mjini utaisikia tena. Na mara nyingi aliyeambiwa hivyo alitajiwa bei kabla ya kutajiwa ugonjwa.

Tabia hii ina historia yake, na wenye makosa si mafundi wetu peke yao.

Kompyuta nyingi za mezani zilizotufikia miaka ya 2000 hazikuwa mpya. Zilitoka kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa, zikapakiwa kwenye kontena zikaja. Shirika la Computer Aid International la Uingereza, kwa mfano, lilizileta kwa Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, nao wakaziandaa na kuzigawa mashuleni. Nyingine zililetwa na wafanyabiashara zikaishia kwenye saiba. Mimi nilijifunza kushika kipanya kwenye Dell OptiPlex ya shule ya msingi, bado ina kibandiko cha namba cha ofisi fulani ya ng'ambo.

Sasa, kizazi hicho cha kompyuta kilizaliwa na ugonjwa. Kwenye madabodi kuna vikopo vidogo vya mviringo vimesimama karibu na prosesa. Hizo ni kapasita, na kazi yake ni kutuliza umeme kabla haujaingia kwenye prosesa. Ndani yake mna majimaji. Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi karibu 2007, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita ambazo majimaji yake yalikuwa mabovu: yanatoa gesi, kikopo kinavimba kichwani, kinapasuka, kinavuja uchafu wa rangi ya kahawia. Kompyuta haifi siku hiyo. Inaanza kujizima yenyewe, inagoma kuwaka asubuhi kukiwa na baridi, inaganda katikati ya kazi. Mwenyewe anadhani ni virusi.

Zilizoumwa sana ni OptiPlex GX270 na GX280. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya hasara hiyo. Kampuni moja ya Marekani iliishtaki mwaka 2007, na nyaraka za kesi zilipofunguliwa 2010, gazeti la New York Times likaandika mambo ya ajabu. Chuo Kikuu cha Texas kililalamika kwamba kompyuta zake zinakufa, kikajibiwa kwamba idara ya hisabati imezichosha kwa hesabu ngumu! Tena wateja wengine walibadilishiwa madabodi mbovu wakapewa nyingine zenye kapasita zile zile.

Soma hapo mara mbili. Kampuni yenye maabara na mainjinia ilibadilisha kifaa bila kutibu chanzo, ikarudishiwa ugonjwa ule ule.

Sasa fikiria Kitengela. Spea ya fundi inatoka wapi? Inatoka kwenye kompyuta nyingine ya kontena lile lile, umri ule ule, pengine modeli ile ile. Unalipia madabodi "nzuri" ambayo ni pacha wa ile iliyokufa. Miezi mitatu baadaye mko pale pale, na karo imeliwa. Ndiyo maana nasema kupima kwanza kuna maana kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Texas. Yeye alikuwa na waranti.

Kuna chanzo kingine, nacho kiko ukutani. Stima yetu ni volti 240. Marekani ni 120. Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Uingereza hufika ikiwa kwenye 230. Iliyotoka Marekani hufika kwenye 115, na ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia mlio kama wa bunduki. Sababu ni hii: kwenye 115 sakiti ya ndani inazidisha volti mara mbili. Kwa hiyo 240 yetu, ambayo ingekuwa kama volti 340 za moja kwa moja, inakaribia 680, na kapasita mbili za ndani kwa kawaida zinahimili 200 kila moja. Haiwezekani. Lakini angalia: mara nyingi kinachokufa hapo ni pawasaplai peke yake. Madabodi inaweza kuwa nzima kabisa.

Mama mmoja mwenye saiba Kitengela alikuwa na mashine isiyowaka hata feni. Ameshaambiwa madabodi, ameshaanza kuchanga pesa. Nilichofanya kinaweza kufanywa na yeyote mwenye mita. Kwanza nilipima soketi, nikabadilisha waya wa stima. Nikachomoa kila kitu kwenye pawasaplai, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, kwa sababu tangu Intel ilipoleta mpangilio wa ATX mwaka 1995 hiyo ndiyo njia ya kuiambia "washa". Kimya. Ingewaka, ningepima njano nikitarajia volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, na ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5 ningeikataa. Tuliazima pawasaplai ya mashine ya jirani yake, ikawaka. Hakununua madabodi.

(Tahadhari: usifungue sanduku la pawasaplai lenyewe, linashika umeme hata baada ya kuchomolewa. Na Dell na HP nyingi za miaka ya karibuni zina plagi zao wenyewe, hiyo kijani na mweusi haifanyi kazi kwao. Angalia plagi kabla ya kununua.)

Kama feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, toa kila kitu ubaki na prosesa, RAM moja na spika. Tangu IBM PC ya 1981 kompyuta hujipima yenyewe inapowaka na kulia ikiona tatizo. Kwenye BIOS ya Award, mlio mrefu mmoja na mifupi miwili ni kadi ya picha. Kwenye AMI, milio mifupi mmoja hadi mitatu inaelekeza kwenye RAM. Chomoa RAM, futa meno yake kwa raba ya penseli, rudisha. Vumbi la barabara ya Namanga na la viwanda vya saruji vya Athi River linaingia kila mahali, sicheki. Ikiwaka, acha Memtest86+ ifanye kazi usiku kucha.

Saa ikirudi nyuma kila ukizima, ni betri ya CR2032 tu, hiyo ya mviringo. Usikubali kuuziwa kitu kingine.

Diski ndiyo pekee ambayo sipimi kwanza. Nakili data kwanza, kwa CD au flashi ya Linux inayowaka bila diski, kama Knoppix ya Klaus Knopper tangu 2000. Diski zina taarifa za SMART za kujipima, lakini utafiti wa Google wa 2007 juu ya diski zaidi ya 100,000 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kuu. Ikisema "nzuri" usiiamini sana.

Kompyuta za kontena za siku hizi nyingi zina kapasita kavu zisizo na majimaji, kwa hiyo uvimbe hauonekani sana. Hizo naanza na pawasaplai, RAM na vumbi. Lakini GX270 bado ziko, nimeiona moja Kajiado mwezi uliopita, kapasita tano zimevimba na bado inachapisha risiti. Makala ijayo nitaeleza namna ya kuzing'oa na kuweka nyingine kwa chuma cha kuchomea.